Shuka Stesheni, tembea mpaka Feri

Magomeni,
Dar es Salaam.

Kwako shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma, wewe, shemeji na watoto wote. Huku hatujambo, joto tu ndilo linatuandama, na mama anakusalimia sana. Ama baada ya salamu, nimefurahi mno kusikia kwamba mwisho wa mwezi unashuka Dar na kijana wako mkubwa, yule mpenda meli. Umeniuliza umpeleke wapi siku ya Jumamosi, na ukataja Mlimani City. Shoga, nakuomba maduka uyaweke kando. Maduka hata Dodoma yapo. Mpe mtoto mji wenyewe, ule wa kando ya bandari, na mpite kwa miguu. Kutoka Stesheni mpaka Feri, pale panapovukwa kwenda Kigamboni, mtu mwenye haraka anatumia kama nusu saa. Nyinyi msiwe na haraka, chukueni siku nzima.

Mkipata treni ya asubuhi, kabla ya mchana mtakuwa mmeshafika. Mimi Jumamosi niko ofisini Posta mpaka saa nane, lakini nitatoka kidogo nije niwapokee stesheni, nichukue mabegi, nyinyi mbaki mikono mitupu. Mwambie mtoto akishatoka nje ageuke alitazame jengo, maana limejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite. Mlangoni mtaitwa na watu wa bodaboda, bajaji na teksi kwa pamoja. Washukuruni, mpite.

Hatua chache kutoka hapo mtauona Mnara wa Saa, uliosimamishwa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Hapo barabara zinagawanyika. Wengi hushika Samora moja kwa moja kwa sababu ya maduka. Nyinyi shikeni Sokoine, ile inayofuata bandari, Samora tutarudi nayo jioni wakati kuna kivuli. Jua la saa sita la Dar unalijua, kwa hiyo kofia kwa mtoto na maji ya kunywa.

Kwenye Sokoine, pale Barabara ya Morogoro inapoishia, lipo Boma la Kale. Ni jengo la mawe ya matumbawe, lilijengwa mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid, kwa ajili ya wageni wake. Majid ndiye aliyeuanzisha mji huu miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla haujasimama vizuri. Ndani ya Boma kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar. Ingieni. Mwoneshe mtoto mlango wa mbao wa kuchonga, aupapase, asikie ulivyo mzito. Mimi kila nikipita pale huwa nashukuru kwamba limebaki, kwa sababu nyumba za aina hiyo zimebomolewa nyingi mjini, maghorofa ya vioo yakapanda mahali pake. Ghorofa la vioo unaweza kulijenga mwaka wowote unaotaka. Boma la mwaka 1866 likishaanguka ndiyo basi tena.

Mbele kidogo mtakuta Kanisa la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lenye mnara uliochongoka, linatazamana na gati la boti za Zanzibar. Lilianza kujengwa mwaka 1897. Kama mlango uko wazi na hakuna ibada, kaeni ndani dakika chache. Kuna ubaridi mzuri, na vile vioo vya rangi vya madirishani jua likivipiga hupendeza sana. Nje pale gatini ni vurugu tupu: wapagazi, abiria wenye maboksi, na vijana watakaokwambia wanakuuzia tiketi ya boti kwa bei nafuu. Usisimame kuongea nao. Tiketi inakatwa dirishani.

Mkifika Posta ya Zamani mtaona paa la vigae vyekundu na kuta nyeupe. Hilo ndilo Kanisa la Azania Front, la Kilutheri, walilolijenga Wajerumani na kulimaliza mwaka 1902. Kuanzia hapo kwenda Feri ndicho kipande cha mji ninachokipenda kuliko vyote. Barabara inaitwa Kivukoni, bahari iko kulia kwenu, na kushoto yapo majengo ya ofisi ya tangu enzi za Mjerumani yenye varanda pana, pamoja na miti mikubwa iliyofunika njia. Laiti wakubwa wa jiji wangeweka viti vya kutosha, maana watu wanakaa juu ya mizizi na kingo za ukuta. Hata hivyo wanakaa. Wafanyakazi wa ofisini, wavuvi, wanafunzi, wote wanatazama maji.

Hapo tafuteni muuza madafu, wako na baiskeli zao chini ya miti. Mwambie unataka la maji au la nyama kiasi, yeye atayagonga kwa ubapa wa panga mpaka alipate. Analifyeka juu kwa mapigo matatu manne, mnakunywa, kisha mnamrudishia. Analipasua katikati, anachonga kipande cha ganda lake lenyewe kiwe kijiko, na mtoto anakomba nyama laini iliyobaki. Mpate na mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, mtakuwa mmeshikiza tumbo mpaka Feri.

Sasa hili la meli ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia simu. Mlango wa bandari ya Dar ni mwembamba na umepinda, unapita kati ya Magogoni upande huu na Kigamboni upande wa pili. Umechimbwa na kupanuliwa miaka ya karibuni ili meli kubwa zaidi ziingie, lakini ukisimama Feri bado meli inapita mbele ya macho yako kabisa. Kwanza huoni chochote, unaona tu kwamba kivuko kimetulia ng'ambo na hakiondoki, na watu wanaanza kulalamika. Halafu nyuma ya miti unaona rundo la makontena linasogea lenyewe, refu kuliko nyumba za pale. Kisha pua ya meli inatokeza. Tagi, zile boti ndogo za kuvuta meli, zinaisindikiza, rubani wa bandari yuko juu kabisa anaiongoza, na mabaharia wamesimama kwenye ukingo wanatutazama kama sisi tunavyowatazama wao. Watoto hupunga mikono, na mara nyingi kuna baharia anayepunga pia. Ikishapita, soma nyuma yake: chini ya jina kumeandikwa bandari ilikosajiliwa, Monrovia, Panama, Majuro. Mwambie mtoto ayaandike kwenye daftari, mkirudi nyumbani ayatafute kwenye ramani. Mweleze pia kwamba mzigo ule si wetu peke yetu. Makontena mengine yanakwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na malori unayoyaona Dodoma yakipita usiku na mchana huanzia hapa.

Zamani nilikuwa napita pale mbio mbio nikiwahi kazini, wala sigeuzi shingo. Siku hizi nikisikia honi nasimama. Sioni sababu ya mtu kulipa pesa nyingi kutafuta pa kumfurahisha mtoto wakati jambo kubwa namna hii linapita bure mlangoni.

Meli haiji kwa kuagizwa, kwa hiyo mkiwa mnasubiri ingieni sokoni. Soko la samaki la Feri lina harufu yake, na chini panateleza, ndiyo maana nasema msivae viatu vyeupe. Mnada mkubwa ni wa asubuhi, lakini mashua huendelea kuingia na biashara haikatiki. Dalali anamwaga samaki mezani, anataja bei, anaipandisha, na wanunuzi wanajibu kwa kidole au kwa jicho tu, ukipepesa umekosa. Mtaona changu, kolekole, kibua, tasi, nguru, jodari, pweza waliokunjwa, ngisi wenye wino. Wewe usinunue mnadani, mafungu yake ni makubwa. Nenda kwa wachuuzi wa rejareja pembeni, uchague samaki wawili wa saizi ya kula. Angalia macho yawe yanang'aa, fungua mashavu uone wekundu wa damu, bonyeza ubavu. Ukiacha shimo, mrudishe. Kisha mpe mpaa samaki, anamparua magamba na kumtoa matumbo huku anapiga soga, halafu mpeleke kwa wakaangaji. Pale kuna makarai mapana yanayochemka mafuta juu ya moto wa kuni, na moshi unaumiza macho. Patana bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia kwenye mafuta, si baada yake. Kuleni hapo hapo na ndimu, chumvi na pilipili. Hoteli za kifahari zipo jirani na samaki wao ni wazuri, lakini samaki wa Feri amekaangwa siku ile ile aliyovuliwa, na mtoto amemwona tangu akiwa mzima na magamba yake.

Mkishiba, vukeni. Hata kama hamna shughuli yoyote Kigamboni, vukeni tu. Kivuko kinachukua dakika chache na nauli ni ndogo kuliko ya daladala. Simameni ubavuni, upande unaoutazama mji, mbali kidogo na magari. Ukiwa katikati ya maji ndipo unaiona Dar yote kwa pamoja: minara ya makanisa, maghorofa marefu nyuma yake, kreni za bandari kushoto na kulia mashua za wavuvi zimejipanga. Mkifika ng'ambo nunueni miwa, mgeuze na kivuko hicho hicho. Wakati wa kushuka mshike mtoto mkono, watu wa kivuko hawana subira na pikipiki zinawashwa kabla mlango haujagusa nchi kavu.

Ikishafika saa tisa nitakuwa nimetoka kazini, tukutane Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kutoka Feri si mbali. Msipite kando ya Ikulu mkiwa mmenyanyua simu, picha haziruhusiwi pale. Na kwa jumla simu iwe ndani ya mkoba, vibaka wa pikipiki wapo. Makumbusho ilifunguliwa mwaka 1940, na ndiyo inayotunza fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mimi huwa navutiwa zaidi na magari ya zamani ya viongozi na vitu vya vita vya Majimaji. Uani kuna kumbukumbu ya waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 1998. Mtoto atauliza, na ni vizuri aulize, wewe na mimi tulikuwepo na tunakumbuka siku ile.

Jirani kuna Bustani ya Mimea, ya tangu mwaka 1893. Tausi wanatembea humo, na kuna mnazi wa Shelisheli ambao si rahisi kuuona kwingine. Tukae kwenye nyasi, miguu ipumzike, tuongee. Nina mengi ya kukwambia ambayo hayaandikiki.

Halafu tutarudi na Samora taratibu mpaka kwenye sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Magari yanaizunguka kutwa nzima na watu hawaisomi. Tusome sisi, tena kwa sauti, mtoto asikie, maana wapagazi walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kutoka hapo tunaingia mitaa ya Uhindini kunywa chai ya maziwa na sambusa. Nje ya duka moja ninalolijua wazee hukaa kwenye benchi na kahawa chungu, delee liko juu ya makaa, na kashata ziko kwenye sahani. Giza likianza kuingia tutapanda mwendokasi, tushuke Magomeni, mama atakuwa ametupikia wali wa nazi.

Jumapili ni yako, upange mwenyewe. Ila ukiamka mapema tunaweza kurudi Azania Front kusikiliza kwaya, ukisimama nje barabarani unaisikia vizuri, kisha tuwahi mashua za asubuhi pale Feri ununue samaki wa kurudi nao. Wakaangwe vizuri wakauke, watafika Dodoma salama kabisa.

Niandikie basi siku kamili na saa ya treni ili niombe ruhusa kazini mapema. Viatu viwe vya kutembelea, na mtoto aje na daftari lake. Zabibu usisahau, mama ameshazitaja mara nyingi tangu nimwambie unakuja.

Ni mimi shoga yako,
wa Magomeni.