Wenye reli si walioanzisha mabehewa ya barafu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu usafirishaji wa vyakula nchini Marekani katika karne ya 19 imeandikwa kwa bidii, ila imewapa wenye reli sifa isiyo yao pale inaposema kuwa ndio walioanzisha mabehewa ya barafu, yaani mabehewa ya treni yaliyopozwa kwa barafu ili vyakula visioze njiani. Kampuni kubwa za reli ziliyakataa mabehewa hayo, na kukataa huko ndiko kulikoamua nani atayamiliki.

Mwishoni mwa miaka ya 1870, Gustavus Swift, mfanyabiashara wa nyama wa Chicago, alimpa mhandisi Andrew Chase kazi ya kubuni behewa ambalo hewa iliyopozwa na barafu ingezunguka ndani yake. Wakati huo kampuni za reli zilikuwa zimekwisha kutumia fedha nyingi kwenye mazizi na mabehewa ya mifugo. Nauli ilitozwa kwa uzito, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ng'ombe hailiwi, kuchinjia Chicago na kupeleka nyama peke yake mashariki kungewapunguzia mapato. Iliyokubali kubeba nyama hiyo ni Grand Trunk, reli iliyopitia Kanada, ambayo biashara yake ya mifugo ilikuwa ndogo. Swift akajengesha mabehewa yake mwenyewe, na washindani wake, hasa Armour, wakafuata nyayo.

Hapo ndipo makala ingetulia kidogo. Reli ilimlipa mwenye behewa kwa kila maili behewa lake lilipokwenda, likiwa na mzigo au tupu, hivyo mteja mkubwa akawa pia mtu anayevuna fedha kutoka kwa yule anayembebea mzigo. Armour hakuishia kwenye nyama. Aliingia kwenye matunda na kufunga mikataba ya kipekee na baadhi ya reli, ikiwemo Pere Marquette ya Michigan, ambako mkulima wa mapichi hakuwa tena na behewa jingine la kuchagua na gharama ya barafu ilipanda. Mtu mwenye matunda yatakayooza baada ya siku chache hana nafasi ya kubishania bei, na hilo nadhani ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii. Malalamiko ya wakulima yalisikika hadi Washington, na Sheria ya Hepburn ya 1906 ikaiweka huduma ya barafu chini ya usimamizi wa serikali.

Ni haki pia kusema kwamba wenye reli walikuwa na sababu ya kusita. Msimu wa matunda katika jimbo moja ni mfupi, na mabehewa ya reli moja yangekaa bure sehemu kubwa ya mwaka, ilhali kundi kubwa la mabehewa liliweza kuhama kufuata mavuno kutoka jimbo hadi jimbo, bila kujali reli ni ya nani. Kwa hiyo jibu lilipatikana katika umiliki wa pamoja: reli za Union Pacific na Southern Pacific ziliunda Pacific Fruit Express, kampuni ya mabehewa ya barafu, mwaka 1906, ikaanza kazi Oktoba 1907 ikiwa na mabehewa 6,600, na mwaka 1920 reli za mashariki zikaichukua Fruit Growers Express iliyokuwa mikononi mwa Armour.

Kwa kuwa mmeahidi sehemu ya pili, naomba isahihishe jambo hili na iwataje wakulima wa Michigan, ambao sehemu ya kwanza haikuwagusa kabisa.

Msomaji wenu,
Tabora