Kupe wa mbwa yumo ukutani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wafugaji wa mashamba, Unguja na Pemba, hasa wenye mbwa wa ulinzi na wa kusasia nguruwe.

Mtu akiona kupe humwogesha mbwa dawa mara moja, basi. Wiki chache baadaye kupe wamerudi, lawama zinakwenda kwa dawa. Dawa haina kosa. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia asiye na mabaka, hula mara tatu tu maishani mwake, na kila akishiba humwacha mbwa akajifiche kwenye ufa wa ukuta, chini ya baraza au juu kwenye makuti ya banda. Huko jike hutaga mayai yapatayo 4,000, na mkubwa huweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo siku ya kuogesha mbwa ndiyo siku ya kupulizia banda, nyufa zote, kuanzia sakafuni hadi paani, kisha rejea baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa.

Dawa ya kuogeshea, amitrazi ya asilimia 12.5, huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Vaa glavu, usimsuuze mbwa, mwache akauke. Watoto wa mbwa wa chini ya miezi minne wasiogeshwe. Punda msimguse nayo kabisa: humfunga tumbo akafa. Na dawa yenye pemethrini isimkaribie paka.

Kwa binadamu, homa ya kupe inayojulikana zaidi vijijini Afrika huletwa na kupe wa ng'ombe, yule mkubwa mwenye miguu ya mistari. Asiyefuga mbwa asijione yuko salama. Kupe wa mbwa naye hubeba bakteria wa jamii moja na wale wa homa hiyo. Huko Arizona, Marekani, ameua watu.

Ukitoka konde au zizini jikague jioni hiyo hiyo: kinenani, nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni. Watoto wakaguliwe na kichwani, nyuma ya masikio. Mshike kupe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa na njiti ya kibiriti liachieni jiko. Kupe akisumbuliwa hutapika ndani ya jeraha. Wala usimtumbue kwa kucha. Osha kwa sabuni.

Homa huja siku 5 hadi 10 baadaye, na kichwa, maumivu ya misuli, mitoki, na mara nyingi kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale alipouma. Kidonda hicho hakiumi, ndiyo maana wengi hawakitaji. Kionyesheni! Malaria imepungua sana visiwani, na kipimo kikisema hakuna, dawa ya mseto haitasaidia kitu. Amoksilini nayo haifai, kwani bakteria hawa hujificha ndani ya seli za mishipa ya damu. Dawa yake ni doksisaiklini, kwa mtu mzima miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hivi, na homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku mbili. Mjamzito na mtoto dozi yao aamue daktari.

Wenye maduka ya dawa, mteja mwenye homa na kigaga cheusi mpelekeni kituo cha afya kabla hamjamuuzia chochote.

Wahudumu wa mifugo na afya,
Wete, Pemba