Mheshimiwa, tunaomba tarehe isiyofutwa: barua ya wazi kuhusu kumbi za Mombasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni, Mombasa.

Mheshimiwa,

Salaam aleikum. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara: kumbi za umma, na nani anapewa siku gani. Sikuandikii kuomba pesa. Najua barua za wasanii zinakufikia kila wiki, na nyingi huishia kwa "tunaomba mtushike mkono". Kikundi chetu cha maigizo, cha watu wa Likoni na Mtongwe pamoja na wachache kutoka Majengo, kinataka kitu kimoja tu: tarehe ambayo ikishaandikwa haifutwi.

Mimi ndiye meneja wa jukwaa. Waigizaji hupigiwa makofi, mwelekezi huitwa redioni, mimi hubaki na funguo, orodha ya maleba na daftari la siku. Ukumbi ukikosekana, mimi ndiye ninayepigiwa simu.

Mwaka huu tumeandaa msimu wa michezo minne. Wa kwanza ni wa mgomo wa Januari 1947, makuli wa bandarini na wafanyakazi wa reli walipoweka kazi chini na mji mzima ukasimama. Chege Kibachia akawa sauti ya shirikisho lao, na kabla ya mwaka kwisha serikali ya mkoloni ilikuwa imeshamkamata. Huo mchezo tumeutunga wenyewe, kwa kuwakalisha wazee na kuwasikiliza. Jioni moja mzee aliyestaafu bandarini alikuja kutazama mazoezi, akanyamaza muda mrefu, kisha akainuka na kumpokonya kijana wetu gunia. "Ukilibeba hivyo hufiki hata langoni," akasema, akaliweka nyuma ya shingo, kichwa chini, viwiko nje, akavuka jukwaa lote kwa hatua fupi fupi. Tangu siku hiyo onyesho lile halina maneno. Wanabeba tu.

Wa pili ni jioni ya mashairi ya Muyaka bin Haji, tuliyoipanga kama malumbano ya barazani. Muyaka alitunga wakati Mombasa ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, inavutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na vijembe vyake bado vinauma. Mtu wa Mvita hahitaji kuelezwa analengwa nani. Wa tatu ni kichekesho cha ndugu wanaogombea nyumba ya urithi Mji wa Kale, na hapo sisemi zaidi, maana kila familia itadhani tumewaandika wao. Wa nne ni tamthilia ya kutahiniwa kidato cha nne.

Huo wa nne ndio unaolisha mitatu mingine. Watu wengi hawalijui hili, na pengine hata ofisini kwako halijulikani. Mashabiki wa jioni ni watu wa nia njema, ila wanakuja kumi na tano, ishirini, nusu yao ni shangazi zetu na hawalipi. Shule zinakuja kwa basi. Mwalimu wa Kiswahili akishakubali, analeta kidato kizima, kila mwanafunzi na kiingilio chake kidogo, na ukumbi unajaa asubuhi na unajaa tena alasiri. Pesa hizo ndizo zinazokodi spika, zinazolipa feri na matatu za waigizaji, zinazonunua mbao. Taa zetu nyingi ni mikebe mikubwa ya maziwa ya unga, tumeitoboa matundu ya kutolea joto na kuifunga balbu ndani. Zinafanya kazi vizuri, ila zinanuka kidogo zikishika moto.

Sasa shule nazo zina dirisha lao. Muhula wa kwanza wanafunzi hawajaisoma tamthilia vya kutosha. Muhula wa tatu wako kwenye mitihani na hakuna mwalimu mkuu atakayewatoa nje. Unabaki na muhula wa pili, kuanzia Mei hadi Julai. Na Mei ya Mombasa unaijua mwenyewe: masika yanamwagika, barabara ya kushuka feri inajaa maji, na basi la kutoka Kwale linafika saa tano badala ya saa tatu. Kwa hiyo tunazungumzia Juni na Julai. Tarehe moja ikipotea hapo, hairudi mpaka mwaka ujao.

Hata nje ya shule, mwaka wa pwani hauna nafasi nyingi. Ramadhani hatuchezi, na hatutaki kucheza. Watu wako kwenye tarawehe na sisi pia. Mfungo wenyewe unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo msimu hauwezi kunakiliwa kutoka mwaka uliopita. Mwezi wa Shaaban, kabla ya mfungo, kila ukumbi una harusi. Baada ya Idd kuna harusi tena. Desemba mji ni wa wageni wa bara. Mtu akituambia "chezeni nje basi, bahari iko", tunamwelewa, na tumejaribu. Bustani ya Mama Ngina, ile iliyofunguliwa upya kwa sherehe za Mashujaa za 2019, ni pazuri kwa ngoma na kwa bendi. Mchezo wa maneno ni jambo jingine. Upepo wa kusi unapovuma mwezi wa Julai, mwigizaji anasema kitu pale na upepo unakichukua.

Utaniambia Mombasa ina Little Theatre Club. Ndiyo, inayo, jukwaa lake lipo tangu miaka ya 1950, na wengi wetu tulijifunza kusimama mbele ya watu pale. Utaniambia vijana wa Swahilipot, kile kituo cha sanaa na teknolojia, wana jukwaa lao linalotazama bahari karibu na Fort Jesus. Wanalo, na tunalipenda. Lakini kwa sensa ya 2019 kaunti hii ilikuwa na watu 1,208,333, katika maeneo bunge sita, na sehemu hizo mbili zote ziko kisiwani. Mama wa Mtongwe akimaliza kutazama mchezo saa nne usiku, ana foleni ya feri na tuk-tuk juu yake. Anachohitaji ni ukumbi wa jamii ulio karibu na kwake, ambao umeshajengwa na kodi yake, na ambao siku nyingi umefungwa kwa kufuli.

Mwaka jana tulilipa arbuni ya ukumbi mmoja wa umma. Sitautaja, kwa sababu naamini yaliyotupata pale yangeweza kutupata kwingine. Tulikuwa na risiti, shule zimethibitisha, mabango yamebandikwa. Wiki yenyewe ya onyesho nikaenda kuulizia funguo. Karani alikuwa mpole, akanikaribisha kiti, akafungua daftari. Jina letu lilikuwepo. Lilikuwa limepigwa mstari kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa "Mkutano". Mkutano wa nani, hakujua. Nani aliyepiga mstari, hakujua. Tukapewa siku nyingine, ya mwezi wa Agosti, shule zimeshafungwa. Arbuni ikawa "itashughulikiwa". Mwalimu mmoja aliyekuwa ameshakusanya pesa za wanafunzi wake alilazimika kuzirudisha mmoja mmoja, na msimu huu hapokei simu yangu. Simlaumu.

Naomba uelewe kwamba simlalamikii karani. Daftari ni la karatasi, ofisi ni moja, na mkubwa akipiga simu karani hana kifungu cha sheria cha kujikinga nacho. Hicho kifungu ndicho ninachokuomba.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti shughuli za utamaduni, burudani ya umma, na vifaa vyake. Nairobi wana jumba la kitaifa la maigizo lililokarabatiwa na kufunguliwa tena 2015. Sisi hatukuombi ujenge jumba. Tunaomba katika kila ukumbi wa kaunti, Ijumaa na Jumamosi moja ya kila mwezi ziwe za jukwaa, ukiacha Ramadhani, na kwa Juni na Julai ziongezwe asubuhi za siku za shule. Siku hizo zitangazwe mapema, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na vikundi viombe kwa utaratibu unaojulikana. Kikundi kikishapewa siku, isifutwe ila kwa barua yenye sababu na sahihi ya mtu mwenye jina, na arbuni irudi ndani ya wiki mbili. Siku ambazo hazikuombwa na kikundi chochote, zirudi kwa maharusi. Hatutaki ukumbi ukae bure.

Na ada. Leo tunatozwa sawa na harusi. Harusi ni jambo la heri, lakini ina michango na kamati, na haikusanyi kiingilio cha wanafunzi mlangoni. Sheria ya Fedha ya kaunti ndiyo inayoorodhesha ada hizi kila mwaka, kwa hiyo mstari mmoja wa kiwango cha maigizo unatosha. Wahasibu wako watasema mapato yatapungua. Sidhani, kwa sababu ukumbi uliofungwa hauingizi chochote, na sisi tutakuja siku ambazo wengine hawaji.

Kuna jambo jingine ambalo watu hunong'ona bila kuliandika: kwamba maigizo yanaleta siasa, au yanaharibu maadili. Kuhusu maadili, maonyesho yetu ya akina mama huanza saa kumi alasiri na kwisha kabla ya Magharibi, na madrasa mbili zimekwishaleta watoto wao. Kuhusu siasa, sitakudanganya kwamba Muyaka hana siasa. Ila kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda ubunifu wa sanaa, na nchi hii inakumbuka Kamirithu, ukumbi wa maigizo wa wanakijiji kule Limuru: kibali kikaondolewa 1977, na 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na polisi. Hakuna kiongozi anayesifiwa kwa kazi ile. Ikiwa utaratibu tunaouomba utakuja na sharti la kusomewa miswada kabla ya kupewa funguo, basi heri tubaki na lile daftari la wino mwekundu.

Kwa nini naandika sasa? Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti unapaswa kufika bungeni kwenu ifikapo Septemba 1. Jambo lisilokuwemo humo litatuambiwa baadaye kwamba "halikupangiwa". Kwa hiyo tunaomba kikao kabla ya Agosti kwisha, cha ofisi yako, mameneja wa kumbi, na vikundi vyote vya maigizo vya kaunti, si sisi peke yetu. Tuko tayari kuja na rasimu ya kalenda ya mwaka mzima, Ramadhani na likizo za shule zikiwa zimeshatengwa, ili mazungumzo yaanzie kwenye karatasi. Siku yoyote itatufaa isipokuwa Jumatano, ambayo ni ya mazoezi, na darasa tunaloazimwa na shule ya jirani hufungwa saa kumi na mbili kamili.

Wako,
Meneja wa jukwaa, kwa niaba ya kikundi,
Likoni, Mombasa