Dakika kumi za daktari

Mwandani wangu,

Salamu nyingi. Maswali yako ya nyumbani nitayajibu barua ijayo, maana leo nina jambo moja tu kifuani. Kile kitabu ulichonipa cha Agatha Christie, cha mwaka 1926, kuhusu kuuawa kwa Roger Ackroyd: nimebakiza sura tatu. Nimekifunga makusudi ili nikuandikie kabla sijaambiwa.

Muuaji ni Dokta Sheppard. Huyuhuyu anayetusimulia.

Mwanzoni nilimshuku Ralph Paton, mtoto wa kambo wa Ackroyd, kama kijiji kizima. Madeni anayo, urithi ni wake, ametoroka, na alama za viatu vyake ziko dirishani. Parker naye, mtumishi mkuu wa nyumba, sikumhangaikia. Yeye anataka pesa za kunyamazishwa, na bwana aliyekufa halipi.

Kilichonigeuza ni kile kiti cha mgongo mrefu. Parker alikiona kimevutwa mbali na ukuta yeye na daktari walipovunja mlango, na aliporudi na polisi kilikuwa mahali pake. Nani alikirudisha? Parker alitumwa kwenda kupiga simu, daktari akabaki na maiti. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne. Anachosema ni kwamba alifanya yale machache yaliyopasa kufanywa, basi. Hajadanganya hata neno!

Nikarudi nyuma zaidi. Barua ya Bi Ferrars, yule mjane aliyejiua akimwachia Ackroyd jina la mtu aliyekuwa akimtoza pesa za kumtunzia siri, inaletwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku. Daktari anatoka chumbani kwa Ackroyd saa tatu kasoro kumi, akishika kitasa na kugeuka kutazama kama kuna alichosahau. Hizo dakika kumi zilikwenda wapi? Kisha anafika getini saa ya kanisa ikigonga tatu, na kutoka nyumba ya Ackroyd hadi getini ni mwendo wa dakika tano. Nilihesabu kwa vidole, mwili ukanisisimka.

Ile sauti ya Ackroyd iliyosikika saa tatu na nusu, daktari akiwa amekwisha kuondoka, ilinisumbua sana. Lakini maneno yale ni ya mtu anayeandikisha barua, hakuna anayeongea hivyo na mgeni wake. Na mashine ya kurekodi sauti ilikuwa imenunuliwa. Flora naye, binti wa ndugu yake Ackroyd, aliyedai kumwona hai baada ya hapo, amekwisha kukiri kwamba hakumwona baba yake mkubwa.

Tena, daktari ndiye aliyemficha Ralph muda wote bila kutudokezea. Aliyeweza kutuficha hilo, anashindwa nini?

Ninaumia, kwa sababu nilimpenda. Nilimpenda tangu Poirot, yule mpelelezi jirani yake, aliporusha lile mung'unye juu ya ukuta likaanguka karibu naye. Nilifurahi Poirot alipopata mwenzake wa kutembea naye, maana Hastings, rafiki yake wa zamani, yuko mbali, Argentina.

Usinijibu kabla sijamaliza. Usiku huu nasoma zilizobaki. Ninachoomba ni kimoja: Caroline, yule dada wa daktari anayejua kila kitu cha kila mtu, hili asilijue.

Wako daima.