Vidonge vikali vya chunusi visigawiwe kama karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona kuwa aibu yangu binafsi, lakini ambalo sasa limenifuata hadi mlangoni kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Katika muda wa mwezi mmoja watu watatu, wawili kati yao wasichana ambao bado wako sekondari na mmoja kijana wa bodaboda, wamenijia wakitaka niwatajie jina la "vile vidonge" vilivyonisafisha uso, ili wakavitafute wenyewe. Wote watatu niliwakatalia, na wote watatu waliondoka wakiniona mchoyo. Mlangoni, mtu akiwa amesimama na kiatu mguuni, sikuweza kueleza sababu zangu zikaeleweka, ndiyo maana nimeona niziandike.

Nilisumbuliwa na chunusi tangu nikiwa kidato cha pili hadi nilipofikisha miaka 26. Sizungumzii vipele vya ujana vinavyotoka leo na kukauka keshokutwa. Vyangu vilikuwa vinundu vigumu vilivyokaa chini ya ngozi, mashavuni, kwenye taya na mgongoni, vikubwa kama punje ya mahindi, visivyo na kichwa cha kukamua, na vilivyouma hata vikiguswa na upindo wa kanga. Nililala ubavu mmoja kwa sababu shavu la kushoto halikugusika, na foronya niliifua kila baada ya siku mbili kutokana na madoa ya damu na usaha. Ninafundisha Kiswahili, hivyo ninajua kwamba neno chunusi lina maana ya pili: ni yule shetani wa majini anayewavuta waogeleaji. Wanafunzi wangu nao waliijua maana hiyo. Asubuhi moja nilikuta ubaoni uso wa mtu uliojazwa nukta za chaki, na chini yake pameandikwa "Chunusi wa Ziwa Tanganyika". Niliufuta, nikafundisha ngeli kwa dakika 80, na machozi nikayahifadhi hadi nilipofika nyumbani.

Kabla ya kumwona daktari nilipita kote wanakopita wenzangu. Nilinunua sokoni krimu ya kukorogwa, iliyotiwa kwenye kikopo kisicho na lebo, na kwa wiki mbili uso ukalainika hadi watu wakanipongeza. Wiki ya tano ngozi ikawa nyembamba na nyekundu, na vipele vipya vikatoka juu ya vile vya zamani. Baadaye nilielezwa kwamba mikorogo mingi huwekwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutuliza uvimbe kwa muda mfupi, kisha zenyewe huleta chunusi. Nilipoachana na kikopo hicho nilihamia kwenye kapsuli za doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kutoka duka la dawa la jirani, na kila zilipokwisha muuzaji alinipa nyingine bila kuniuliza nina tatizo gani wala nimezitumia kwa muda gani. Nilizimeza kwa karibu mwaka mzima, na jua la Kigoma likaniunguza pua na paji la uso, jambo ambalo dawa hiyo inajulikana kulisababisha, ila mimi sikuwa nimeambiwa.

Hatimaye ndugu zangu walichanga fedha nikapanda basi la alfajiri kwenda Mwanza kumwona daktari bingwa wa ngozi. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko, na nakumbuka nilijifunika mtandio uso mzima nikisingizia upepo. Daktari huyo, mama wa makamo, aliniita mwanangu, akanishika kidevu na kunigeuza kuelekea dirishani, kisha akasema kwamba ugonjwa wangu umekwisha kuacha makovu na kwamba krimu pekee hazitautosha. Dawa aliyoifikiria ilikuwa isotretinoini. Lakini siku ile hakuniandikia. Alitumia karibu saa nzima kunieleza, na saa hiyo ndiyo ninayoililia katika barua hii.

Alianza na jambo nililoweza kulishika: isotretinoini ni ndugu wa vitamini A, ile ile ambayo watoto wetu wadogo hupewa kwa matone kliniki kila baada ya miezi sita, ila imebadilishwa umbo na hutolewa kwa kiwango kinachozikausha tezi za mafuta ya ngozi hadi zinasinyaa. Imetumika tangu mwaka 1982, iliporuhusiwa nchini Marekani, na hadi leo hakuna dawa ya kumeza inayoishinda kwa chunusi kali. Kisha akaniuliza kama nina mume, kama nina mchumba, na siku zangu za mwisho zilikuwa lini. Nilikasirika kidogo, kwa kuwa nilikuja kwa ajili ya uso. Aliningoja nitulie, akaendelea: mimba ikiingia wakati dawa iko mwilini, hata kama mama ameimeza kwa siku chache tu, inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na kasoro za masikio, za uso, za moyo au za ubongo. Kwa hiyo ningetakiwa kuanza uzazi wa mpango mwezi mmoja kabla, kuendelea nao muda wote wa matibabu, na kuuacha mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho, huku nikipima ujauzito kila mwezi. Doksisaiklini niiache kabisa, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu, mtu akaumwa kichwa kikali na kuona ukungu. Na nisinunue vidonge vyovyote vya vitamini A.

Hapo nilimuuliza swali la mtu wa Kigoma: je, mawese? Kwetu mawese hayakosi jikoni, na kila mtu anajua kwamba wekundu wake ndio vitamini yenyewe. Alicheka, akasema mawese yana karotini, ambayo mwili hujigeuzia kadiri unavyohitaji, kwa hiyo nisiwe na hofu nayo. La kupunguza ni maini. Tena akaniambia kidonge hiki hakifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta, kwa hiyo nikimeze pamoja na mlo wa kushiba. Hivyo kwa miezi sita nilikimeza na ugali na migebuka iliyoungwa kwa mawese, na mwezi wa Ramadhani uliponikuta nilikimeza kwenye futari.

Dozi aliipiga hesabu mbele yangu kwenye kipande cha karatasi. Nilikuwa na kilo 54. Lengo lilikuwa jumla ya angalau miligramu 120 kwa kila kilo hadi mwisho wa matibabu, yaani miligramu 6,480. Miligramu 20 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 40 kwa siku miezi mitano, ndipo tunafika 6,600. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Ilinisaidia kuliko alivyodhani, kwa sababu mwezi wa tatu uso ulipoanza kusafika nilishawishika kuacha ili niokoe fedha (dawa ilinila karibu robo ya mshahara), nami nikaitazama ile hesabu nikaona kwamba sijafika hata nusu.

Sitaki mtu adhani kwamba miezi hiyo ilikuwa mepesi. Wiki za mwanzo chunusi zilizidi, kama nilivyoonywa. Kisha midomo ikaanza kupasuka, si ukavu wa kiangazi bali nyufa zinazovuja damu ukitamka herufi b, na mwalimu hawezi kukwepa kutamka. Nilitembea na mafuta mazito ya kupaka mfukoni na kuyapaka kila kipindi kilipokwisha. Pua ilinitoka damu mara mbili mbele ya darasa. Magoti yaliniuma nikipanda kilima kutoka ufukweni. Kila mwezi nilitolewa damu kuangalia ini na mafuta ya damu, majibu nikayapiga picha na kumtumia daktari kwa simu. Mara moja mafuta yalipanda, akaniamuru nipunguze vyakula vya kukaanga. Kuhusu hisia, karatasi ya dawa inaonya juu ya huzuni na mawazo ya kujidhuru, ingawa wataalamu hawajaafikiana kama dawa ndiyo inayosababisha. Mimi mwezi wa nne nilipata wiki mbili za uzito moyoni ambao siwezi kusema ulitokana na nini. Ninachojua ni kwamba niliambiwa mapema kuwa jambo hilo likitokea nipige simu, nikapiga, na nikaambiwa dada yangu awe ananiulizia hali kila jioni.

Jambo lililonipata bila kutarajia lilikuwa la damu. Wahudumu wa damu salama walikuja shuleni, walimu wenzangu wakajipanga, nami nikakataa, kwa kuwa anayetumia dawa hii, mwanamume au mwanamke, haruhusiwi kuchangia damu hadi mwezi mmoja upite baada ya kuacha. Damu hiyo ikitiliwa mjamzito, dawa inamfikia mtoto. Nilisema tu kwamba ninatumia dawa. Kabla ya saa kumi, shule nzima ilikuwa imekwisha kuamua ninaumwa ugonjwa gani, na sikuwa na nguvu ya kuwasahihisha mmoja mmoja.

Sasa nifike kwenye kiini. Nilipomaliza nilibakiwa na kapsuli 11, kwa sababu kuna siku nilizoruka nilipokuwa na homa. Binti wa mama yangu mdogo, aliyeolewa miezi miwili tu nyuma, alikuja kunitembelea, akaukuta uso wangu umebaki na madoa meusi tu, akaomba. "Dada, si umeshapona? Zitakufaa nini?" Alikuwa na haki ya kuomba, katika ukoo wetu dawa iliyobaki ni mali ya wote, sawa na chumvi. Nilimpa boksi alitazame. Alikiona kile kielelezo cha mwanamke mjamzito kilichokatwa kwa mstari, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba maana yake ni dawa ya kuzuia mimba.

Mhariri, sijawahi kuogopa picha kama nilivyoiogopa ile. Binti huyo ana kidato cha nne, anasoma Kiswahili vizuri kabisa, na alikuwa anatafuta mtoto. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi ingeweza kumwambia kila kitu, lakini iliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa herufi za kuhitaji miwani. Sikumpa. Zile kapsuli nilizipeleka kwa mfamasia wa hospitali ili ziharibiwe, naye ndugu yangu hakunisemesha hadi baada ya Idi. Baadaye nilimsindikiza hospitalini, akaandikiwa jeli ya kupaka ya benzoili peroksaidi, inayomtosha kwa chunusi za kiasi alichokuwa nacho. Yule kijana wa bodaboda naye, ambaye habari za mimba hazimhusu, ana ini na mafuta ya damu kama mtu mwingine, na anahitaji kupimwa kabla hajameza chochote.

Hata hivyo, ninachokihofia zaidi si ndugu wanaogawiana dawa nyumbani. Hivi karibuni, kwa udadisi, niliingia katika duka moja mjini ambalo sitalitaja, nikauliza kama dawa hii ipo. Muuzaji alisema, "Ipo ukiagiza mwalimu, inakuja na basi," akanitajia bei. Hakutaka cheti cha daktari, hakuniuliza kama nina mimba. Nchini Marekani, tangu mwaka 2006, mgonjwa, daktari na mfamasia wote husajiliwa katika mpango mmoja, na mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dozi ya mwezi mpya bila kipimo. Sidhani kwamba sisi tunaweza kuwa na mtambo wa namna hiyo kesho, wala siombi. Muuzaji huyo angeniuliza tu siku zangu za mwisho zilikuwa lini, ningetoka dukani nikiwa nimeridhika kwa sehemu kubwa.

Wala siombi dawa ipigwe marufuku. Ingekuwa ukatili kwa wale ambao, kama mimi, wamejifunika mtandio kwenye kivuko. Uso wangu una makovu ambayo hayataondoka, na kipele kimoja kimoja bado hujitokeza, lakini ninalala ubavu wowote. Ninachoiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ni kwamba dawa chache zenye hatari ya aina hii zisiingie sokoni bila karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, na kwamba wakaguzi wao wanapopita madukani huku kwetu waulize pia kuhusu dawa zinazokuja na basi.

Kwako wewe, Mhariri, ninaomba ukurasa wa afya. Ile karatasi ya Kiingereza nimeitafsiri yote kwa mkono, kurasa nne za daftari, kazi iliyonichukua likizo fupi nzima kwa sababu ya maneno ya maabara. Mkiwa na daktari wa kuihakiki, nitaituma.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mwanga, Kigoma.
(Jina limehifadhiwa)