Maikromita ya mtumba: usiamini sufuri peke yake

Mzee mmoja mwenye karakana upande wa Muhoroni alituletea hapa Kisumu, tunapokarabati na kuuza vyombo vya kupimia vya mtumba, shafti ya kinu cha posho pamoja na beringi mbili zilizoungua hadi zikawa za bluu. Beringi zenyewe ni 6208, zile za tundu la milimita 40, na hiyo ilikuwa jozi ya tatu kwa msimu mmoja wa mavuno. Mwenye kinu alishaanza kusema kwamba ameuziwa beringi bandia. Mzee naye alikuwa na hakika na kazi yake. Alikereza shafti hadi 40.01, akapima mara tatu, na mara zote tatu maikromita, kile chombo cha skrubu cha kupimia unene, ikamwambia 40.01.

"Mzee, hebu tuione hiyo maikromita yako."

Akaitoa ndani ya kitambaa safi. Ilikuwa chombo kizuri cha Kijapani cha milimita 25 hadi 50, alichokinunua mtumba. Tukaweka kipande cha kusetia cha milimita 25, sufuri ikakaa sawasawa. Kisha tukaweka geji bloku, yaani kipande cha chuma chenye kipimo cha uhakika, ya milimita 40. Ikasoma 39.98.

Kwa hiyo shafti aliyoisoma 40.01 ilikuwa 40.03. Kwa shafti ya unene huo, kipimo kinachotumika sana kwa beringi ya aina hii ni kati ya 40.002 na 40.018. Nafasi yote ya kuchezea ni milimita 0.016, nyembamba kuliko unywele. Ukipita hapo, beringi inaingia kwa nyundo, ringi ya ndani inatanuka, ule uwazi mdogo wa gololi unakwisha, na joto linaanza siku hiyo hiyo. Beringi hazikuwa na kosa, na mkono wa mzee haukuwa na kosa.

Tumeamua kuandika haya kwa sababu karibu kila fundi anayekuja kwetu kutafuta chombo kilichokarabatiwa hufanya jambo moja: hukifunga, hutazama kama sufuri inakutana, kisha huuliza bei. Sufuri ni sehemu moja tu ya skrubu. Ndani ya maikromita ya milimita kuna skrubu inayosogea milimita 0.5 kwa kila mzunguko, na kikombe chake, ile sehemu unayoizungusha, kina alama 50, ndiyo maana kila alama ni 0.01. Skrubu hiyo hulika pale inapotumika zaidi. Kama mwenye chombo wa kwanza alikaa kiwandani miaka 15 akipima vyuma vya milimita 40, thredi za hapo zimeliwa huku za mwanzo zikiwa kama mpya. Ukikaza racheti, kile kichwa cha mwisho cha kukazia, spindo, yaani fimbo inayosogea, husukumwa nyuma kwenye thredi zilizolika, inabidi uzungushe zaidi kidogo ndipo ibane, na kipimo kinasomeka kidogo kuliko kilivyo.

Ndiyo sababu sisi tunapima kila maikromita katika sehemu kumi. Kwa ile ya 0 hadi 25 tunatumia bloku za 2.5, 5.1, 7.7, 10.3, 12.9, 15, 17.6, 20.2, 22.8 na 25. Namba hizi zinaonekana za ajabu, lakini zimepangwa makusudi: zinasimamisha kikombe katika pembe tofauti, si kwenye alama ile ile ya sufuri kila mara. Ukitumia 5, 10, 15 na 20 tupu, skrubu iliyopinda kidogo inaweza kukuficha siri yake yote. Chombo kikikosea zaidi ya milimita 0.004 popote katika safari hiyo, hatukiuzi kama cha kupimia beringi.

Neno "kimekarabatiwa" nalo limekuwa pana mno. Wapo wanaosugua mwili kwa msasa, wanapaka mafuta, wanakiweka kwenye boksi jipya. Huko ni kuosha. Kukarabati ni kukifungua chote, kutoa grisi iliyoganda, kusawazisha uso wa fuawe, ile ncha isiyosogea, na wa spindo mpaka viwe bapa na vitazamane sambamba, kukaza nati inayoshika thredi, kisha kuseti na kupima upya. Na hata hapo kuna mpaka. Nati hiyo huondoa ulegevu wa skrubu nzima, lakini skrubu ikiwa imelika sehemu moja tu, ukikaza ili pale pakae vizuri, kwingine panakwama. Maikromita ya mzee ilikuwa hivyo. Tulimwambia ukweli kwamba hatuwezi kuiponya, tukampa bei yake kama spea.

Ukiwa unanunua kwingine, nenda na kitu ambacho unakijua kipimo chake. Ringi ya nje ya beringi mpya ya jina la kuaminika, au pini iliyosagwa, si geji bloku, lakini itakufichulia kosa kubwa. Zungusha kikombe kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukimbia na usikilize vidole vyako: pakiwa pazito mahali pamoja na pepesi pengine, rudisha. Vania, kile kipimio cha taya mbili za kuteleza, iinue kwenye mwanga ukiwa umeifunga; mwanga ukipita kwenye ncha za taya ilhali karibu na mwili umezibwa, taya zimelika. Dayali geji, ile yenye sura ya saa, isukume kwa kidole na uiachilie polepole mara kadhaa. Mshale usiporudi palepale, kuna uchafu au jino lililovunjika. Tafadhali usitie mafuta kwenye ile fimbo yake inayopanda na kushuka. Mafuta hushika vumbi, na wengi wanaotuletea geji zilizokwama walianza kwa kuzipaka mafuta kwa nia njema.

Vania za kidijitali za mtumba hatuziuzi. Maji ya kukatia chuma yakishaingia ndani, leo inasoma sawa, kesho namba zinaruka.

Maikromita za inchi za Kiingereza, hasa za zamani, zina watu wake. Kama kazi yako kubwa ni injini za Lister, zilizotengenezwa Uingereza kwa inchi, na mashine nyingine za zama hizo, ni vyombo imara na bei yake huwa chini. Lakini kama wewe ni wa beringi na pampu, kubadilisha kila namba kwa 25.4 kutakuchosha, na siku moja utakosea.

Mafundi wa hapa Kisumu tunawaomba jambo lingine. Vipimo vya chuma duniani huhesabiwa kwenye joto la nyuzi 20, na mchana wa kwetu hufika nyuzi 30. Hilo si tatizo chombo na kazi vikiwa na joto moja, kwa kuwa vyote ni chuma na hutanuka pamoja. Tatizo ni kupima shafti iliyotoka kwenye leithi, mashine ya kukerezea, sasa hivi. Shafti ya milimita 40 ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita yako, imevimba karibu milimita 0.014, yaani karibu nafasi yote ile ya beringi. Iache ipoe, unywe chai, ndipo uipime.

Kila chombo tunachouza kinatoka na karatasi yenye namba yake, sehemu kumi tulizopima na kosa la kila sehemu. Hiyo ni rekodi yetu, si cheti cha KEBS, shirika la viwango la Kenya. Bloku zetu ndizo tunazopeleka KEBS kulinganishwa. Kama unafanyia kazi kiwanda cha sukari au zabuni inayodai cheti, chombo chako chenyewe lazima kipite kwao, na tunaweza kukupelekea ukilipia gharama yao.

Anayeanza karakana tunamshauri anunue maikromita moja nzuri ya 25 hadi 50 pamoja na kipande chake cha kusetia, kabla ya seti nzima ya bei rahisi. Na kama unayo tayari na huna hakika nayo, ilete Jumamosi asubuhi. Tutaipitisha kwenye bloku ukiwa umesimama hapo unatazama, na kwa kupima tu hatutozi kitu.