Mama ameanza kusahau, na kaka anataka nyumba iwe kwa jina lake

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Kwetu kila mmoja ameshika lake, na mwenye mali haulizwi.

Tumezaliwa watatu, mimi ni wa katikati. Mama ni mjane wa miaka 78, anaishi kwenye nyumba yake pamoja na kitinda mimba wetu, aliyeacha kazi ili amtunze. Daktari amemkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, bado uko hatua za mwanzo. Asubuhi anajua pensheni inaingia lini na nani hajamlipa deni lake. Jua likielekea kuzama huniita kwa jina la dada yake. Wosia hajaandika. Tukiligusia hilo, hutwambia tunamzika angali hai.

Sasa kaka mkubwa anataka nyumba ihamishiwe jina lake mapema, Mama akiwa bado anaweza kusaini, ili tusije tukasumbuana na mirathi mahakamani. Jina lake limeshaingizwa pia kwenye akaunti ya benki ya Mama. Kaka si mwizi, na gharama za hospitali analipa yeye. Ila nyumba ikishakuwa yake kisheria, ni yake. Akishindwa kulipa madeni, wanaomdai wataifuata. Ndoa yake ikivunjika, huenda ikaingia kwenye mgawanyo. Akitangulia kufa, itaingia kwenye mirathi yake yeye, na Mama atabaki akiishi kwa hisani ya wajukuu. Nilipomweleza hayo aliniuliza kama namwombea mabaya.

Mimi naona heri Mama aandike wosia na asaini hati ya uwakilishi, ile ya kumpa mtu mamlaka ya kushughulikia fedha na mambo yake. Kaka anajibu kwamba daktari akishautaja ugonjwa huo, wosia wa Mama ni karatasi tu. (Ajabu ni kwamba kwenye kuhamisha nyumba saini hiyohiyo haimtii shaka.) Ninavyoelewa, ugonjwa peke yake haumnyang'anyi mtu haki ya kuandika wosia. Nimesoma kwamba nchi nyingi ambazo sheria zake zina asili ya Uingereza bado zinarejea kesi ya Banks v Goodfellow ya mwaka 1870. Huulizwa, pamoja na mengine, kama mtu alielewa kwamba anaamua mali yake iende wapi akifa, kama alijua kwa ujumla ana mali gani, na kama aliwafikiria wanaostahili kufikiriwa. Asubuhi Mama anayajibu hayo yote. Je, tukimpeleka kwa wakili saa hizo, akaongea naye faragha sisi tukiwa nje, na daktari akamwona siku hiyohiyo na kuandika maoni yake, wosia utasimama? Au bado atakayetaka kuupinga ana pa kuanzia?

Hati ya uwakilishi nayo ina mtego wake. Nimeambiwa kwamba mahali pengi ile ya kawaida hukoma mara aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati uleule tunaouhofia, na kwamba nchi nyingine zina hati ya aina maalumu inayoendelea mpaka kifo. Nimuulize nini wakili ili tusiishie na ile isiyofaa? Nimefikiria Mama atuteue kaka na mimi kwa pamoja, lakini siku tukinuniana hata pesa ya dawa itakwama.

Kuhusu akaunti, karani wa benki alinieleza kwamba mmoja akifa, salio hubaki kwa aliye hai. Kama ndivyo, wosia hautaigusa pesa hiyo. Kaka anasema jina lake liko pale kurahisisha malipo tu. Neno lake linatosha, au Mama aliandike?

Linaloniumiza zaidi ni la mdogo wangu. Anamwogesha Mama, anaamka naye usiku, hana mshahara, na kaka husema eti anakaa bure. Mama ametamka mara kadhaa kwamba yeye ndiye atakayepata fungu kubwa. Najua hapaswi kuwa shahidi wa wosia unaomnufaisha. Lakini akiwa ndiye anayeishi na Mama na ndiye atakayempeleka kwa wakili, si itasemwa kwamba alimrubuni? Pengine ni salama zaidi tuandikiane mapatano ya malipo ya utunzaji sasa, yatoke kwenye pensheni, kuliko kusubiri fungu litakalogombaniwa. Unaonaje?

Na nani kati yetu amkabili Mama, aanze na wosia au na hati ya uwakilishi? Kaka ameshapanga kumpeleka kusaini uhamisho wa nyumba mwezi ujao.

Wako,
Dada wa Katikati